Simba wa Ukuta wa Kusini

Ufunguo wa kanisa la San Pelayo unakaa jikoni kwangu, kwenye msumari kando ya jiko, na ukimwangukia mtu mguuni atalala wiki nzima. Ulikuwa wa mama mkwe wangu, na kabla yake wa mama mkwe wake. Anayetaka kuliona kanisa hugonga mlango wangu, nami nafuta mikono kwa aproni na kutoka naye.

Namwambia yale niliyoambiwa. Kwamba lilijengwa miaka zaidi ya mia nane iliyopita na mafundi waliokuwa wakipita tu, wakitafuta kazi bonde hadi bonde. Kwamba kuta ni nene namna ile kwa sababu zilibebeshwa paa la mawe, na wajenzi wenyewe hawakuwa na hakika kama zingeliweza. Hazikuliweza. Paa lilianguka zamani za mababu, likawekwa la mbao, na tangu hapo hakuna aliyelalamika. Upande wa altare, ule uliojikunja kama tanuri la mkate lililokatwa katikati, ndio wa kale kuliko wote na haujawahi kutikisika. Madirisha yake ni membamba, paka aliyeshiba hapiti. Wageni wakiingia hushusha sauti na kushangaa. Nami huwaacha washangae kidogo, kisha nawatoa nje nikawaonyeshe ukuta wa kusini, maana kwetu sisi wa kijiji cha Valdecorzo kanisa hasa liko huko nje.

Juu ya ukuta huo, chini kidogo ya vigae, yametokeza mawe yanayobeba ukingo wa paa, na kila jiwe mafundi wale walilichonga walivyopenda. Tunayaita vichwa, hata yale yenye kiwiliwili kizima. Kuna mtu anayekunywa divai mdomo ukiwa kwenye pipa. Huyo ni wa nyumba yangu, na marehemu mume wangu alimheshimu kwa vitendo. Kuna mwanamke mwenye samaki, kuna sungura anayempigia mbwa zeze. Kuna na bwana mmoja aliyeinama akiwaonyesha wapita njia makalio. Huyo ni wa nyumba ya Priscila, mcha Mungu kuliko padre, ambaye tangu ujana wake anashikilia kwamba mtu yule anasali. Nyani haoni kundule.

Kila nyumba ina kichwa chake, na nani alianzisha jambo hili hakuna anayejua. Kengele ikiita baraza, kila nyumba husimama chini ya kichwa chake, na mwenyekiti huziita moja moja kuanzia upande wa altare kwenda upande wa mnara. Anayeitwa hujibu, "Tupo." Asiyeitwa hana neno barazani wala hana fungu la kuni katika msitu wa kijiji. Nyumba ikibaki bila watu, kichwa chake hakipewi mwingine, kwa kuwa kila Agosti hutokea mjukuu fulani kutoka mji wa Bilbao, amevaa kaptura, akaja kusimama chini yake kwa kiburi. Vichwa havizaliani. Ndiyo sheria yetu, na kama nyingi za sheria zetu, ilitungwa na watu waliokwisha kupata chao.

Cha Abundio kilikuwa juu kabisa ya tao la mlango, mahali pa heshima. Simba. Abundio ndiye mwenyekiti wetu, kama alivyokuwa baba yake, na simba huyo alimlea. Lango la nyumba yake lina simba wa chuma. Trekta lake lina simba aliyechorwa kwa rangi ya njano. Tukiwa watoto, kila tulipogombana alinikumbusha kwamba mimi ni wa pipa na yeye ni wa simba, nami nilimkumbusha kwamba simba wake hana meno. Mali yake yote, nitaisema hapa kwa sababu itahitajika, imetokana na nguruwe. Soseji za damu za nyumba ya Abundio huliwa hadi mjini, na ni kweli ni tamu.

Ilie alikuja kutoka Romania kubadilisha vigae vya ghala langu, yeye na mkewe Viorica, katika gari lililofungwa mlango kwa kamba. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Sisi tulimpa siku ya kwanza. Zaidi ya miaka kumi sasa ametengeneza paa zetu zote, ametuchimbia makaburi, amezibua mabomba yetu yakiganda kwa baridi. Binti yao Anca ndiye mtoto pekee anayesikika uwanjani siku za shule. Lakini kila kengele ya baraza ilipolia, Ilie na Viorica walisimama ng'ambo ya njia, karibu na bomba la maji, wakitazama. Walialikwa divai baadaye, hilo halikosekani. Kuitwa, hapana.

Kisha mwaka mmoja Viorica alichoka. Dada yake alikuwa Burgos, na kulikuwa na kazi huko, na fleti yenye joto linalokuja lenyewe ukutani. Tulikuwa jikoni kwangu tukichambua dengu aliponiambia, kwa sauti yake ile ndogo, sauti ya mtu anayeomba radhi kwa kuwepo.

"Shangazi Casilda, kuni tunaweza kununua. Mimi nataka aitwe. Baraza la vuli likipita hajaitwa, tunaondoka."

Nawapenda watu hawa, na sioni haya kusema. Kila asubuhi nyundo ya Ilie huniambia kwamba kijiji kimeamka, na sikutaka kuzeeka mahali ambapo kinachosikika ni redio za wajane tu, ya kwangu ikiwemo.

Sasa, majira yale ya baridi, barafu ilikuwa imeingia katika ufa wa kichwa cha mwisho, upande wa mnara, kikadondoka na kusagika kama biskuti. Kilikuwa cha nyumba ya akina Mocho, na akina Mocho wamekwisha wote, hata wa Bilbao. Ukingo wa paa ukaanza kulala. Wakuu wa mkoa wakakubali kutengeneza, wakamleta msanifu majengo kijana aitwaye Noelia, na kazi ya kuchonga jiwe jipya akapewa Ilie. Nikaona mlango umefunguka. Nilivaa koti langu la misa, nikaenda kwa Abundio kumwambia kwamba hicho kichwa kipya hakina mwenyewe, na kwamba kinajua pa kwenda.

Abundio si mtu mbaya. Nilimkuta anamkatia mkwewe paja la nguruwe lililokaushwa, akanikatia na mimi. Alisema Ilie ni mtu safi, kwamba yeye mwenyewe angemwachia funguo za ghala lake usiku na mchana, lakini sheria ni sheria na tungoje tuone jiwe.

Jiwe likatuangusha kabla halijachongwa. Noelia alitukusanya mbele ya kanisa akatueleza, kwa upole, kwamba jiwe jipya litakuwa tupu, limenyooka, bila sura yoyote. Alisema anayekarabati jengo la kale hana ruhusa ya kuwadanganya watakaokuja. Kipya kionekane ni kipya. Ukichonga leo mnyama kwa mtindo wa zamani, baada ya miaka mia mbili mtu atakuja na kamera yake akadhani ni wa mafundi wale wale. Nilielewa, na sikupenda kuelewa. Wala Abundio hakungoja tutawanyike.

"Basi mambo yamekwisha," akatangaza. "Jiwe lisilo na uso si kichwa. Ni tofali."

Watu walicheka. Ilie naye alicheka kidogo, kwa adabu, akainama kuokota vyombo vyake. Viorica hakucheka. Jioni ile niliona maboksi matupu mlangoni kwao.

Majukwaa ya chuma yakapanda ukuta mzima wa kusini, na kwa sababu yalikwishapanda, Noelia akaona asafishe vichwa vyote. Yeye na Ilie walikaa huko juu siku nzima na brashi laini na maji, wakiondoa kuvu na ukoga wa karne. Sisi tulileta viti. Hakuna sinema Valdecorzo. Kila kichwa kilipooshwa Noelia alitupigia kelele kutoka juu akitueleza anachokiona, na ndivyo tulivyojua kwamba mwanamke wa samaki ana hereni, na kwamba mtu wa makalio hakika hasali. Priscila alisema pengine anasali kwa desturi ya kwao.

Kisha wakafika juu ya tao la mlango. Ilie alisugua kidogo, akaacha. Nilimwona akimtazama Noelia, na akitazama chini tulipo, na akiisuuza brashi iliyokuwa safi. Noelia hakuwa mtu wa kwetu, hakuwa na la kuogopa.

"Bwana Abundio," aliita, "nguruwe wako huyu ndiye mzuri kuliko wote."

Abundio aliuliza nguruwe yupi. Noelia akasema huyu hapa, wa katikati, jike, na wanawe wakinyonya mstari mzima, tena mmoja amekosa titi anamng'ata mwenzake mkia. Alikuwa na furaha ya kweli. Alisema katika mkoa wote hajaona kitu kilichochongwa kwa upendo kama hicho.

Hakuna aliyecheka, na hiyo ndiyo ilikuwa mbaya zaidi. Abundio alivua kofia, akaivaa, akapanda. Ana tumbo, na ngazi zile ni nyembamba, kwa hiyo tulipata muda mrefu wa kutazama viatu. Alipofika juu aliweka miwani. Alimpapasa mnyama masikio, akampapasa pua, akawahesabu watoto kwa kidole. Yale tuliyoyaita manyoya ya shingoni vizazi vyote vile yalikuwa kuvu, na sasa yalikuwa kwenye ndoo ya Ilie. Kutoka chini tulikuwa tunaona pua na masikio tu, na aliyekwisha kuambiwa simba huona simba. Mimi mwenyewe nilimwona miaka sitini na zaidi.

Aliposhuka Priscila alijaribu kumfariji. Alisema labda simba wa enzi zile walikuwa wanafanana hivyo.

Siku iliyofuata simba wa lango alikuwa amefunikwa gunia. Kwenye baa watu walijitahidi, kweli walijitahidi, lakini mtu akiagiza soseji sauti ilimtoka vibaya na wote wakaanza kukohoa. Mimi nilimwambia Abundio usoni kwamba fundi yule aliijua nyumba yake kuliko yeye, kwa kuwa nyumba iliyonona kwa nguruwe ilipewa nguruwe, na kwamba mimi ningeona fahari. Akaniambia nikanywe pipa langu. Kisha, mbele ya baa nzima, akaapa kwamba yeye na mnyama yule wamekwisha kuachana, na kwamba baraza la vuli litamkuta chini ya kichwa kingine.

Kipi kingine, nilikijua siku mbili baadaye. Nilikuwa nimepeleka sufuria ya dengu kwa Viorica, na Abundio akaingia kwenye karakana ya Ilie, iliyo mlango wa pili tu, bila kufunga. Jiwe jipya lilikuwa juu ya benchi, limekwisha kukatwa, la rangi ya asali kama mawe yote ya bonde letu. Abundio alilizunguka kama mtu anayenunua ng'ombe.

"Fundi," alisema, "nichongee simba humo. Mdogo tu, mwenye meno. Mimi nihamie kwake, wewe uchukue yule nguruwe. Nitakuita mwenyewe kwa mdomo wangu mbele ya wote."

Viorica alikuwa ameshika sufuria yangu. Hakuiweka mezani. Kilichokuwa kimewakimbia miaka yote kilikuwa kimesimama pale karakanani, kimevaa kofia, kinaomba. Na Ilie anajua kuchonga. Nimeona farasi aliowachongea Anca kwa mabaki ya mawe, hawapungukiwi ila kukohoa.

Ilie aliifuta patasi kwa kitambaa muda mrefu.

"Mjomba Abundio, nilimpa yule dada neno langu kwamba litabaki tupu. Nikilichonga, nimemdanganya yeye leo na wengine kesho. Na huyo nguruwe siwezi kununua kwa simba wa uongo. Ukinipa, nipe."

Abundio alitoka bila kuaga. Viorica akaiweka sufuria kwa kishindo, dengu zikaruka hadi ukutani, akamwambia mumewe maneno kwa Kiromania ambayo sikuhitaji kutafsiriwa. Nilisafisha ukuta nikaondoka. Nilimkasirikia Ilie njia nzima, nilimwita mpumbavu mara nyingi kwa sauti, na nilipofika nyumbani nilikuwa najivunia kumjua. Hasira yangu haina mpangilio, watoto wangu watakwambia.

Jiwe likapandishwa tupu. Majukwaa yakashushwa. Noelia akala kwangu mkate wa kukaanga na mayai, akatubusu wote, akaenda zake. Maboksi mlangoni kwa Viorica yakaanza kujaa.

Baraza la vuli likafika, Jumapili, baada ya misa, jua jepesi na upepo wa kukausha vitambaa. Padre, ambaye ana parokia nyingi kuliko soksi, alikimbilia kijiji cha pili. Mimi nilivuta kengele, maana mwenye ufunguo ndiye mwenye kamba, kisha nikaenda kusimama chini ya pipa langu. Priscila akasimama chini ya bwana wake. Ng'ambo ya njia, karibu na bomba la maji, walisimama Ilie, Viorica na Anca, wamevaa nguo za safari.

Abundio alitoka kanisani akiwa na orodha kichwani na mdomo umekaza. Tao la mlango lilikuwa wazi, hapakuwa na mtu chini ya nguruwe. Upande wa mnara, chini ya jiwe tupu, hapakuwa na mtu pia. Yeye alisimama katikati ya njia, si huku wala kule, akakohoa ili aanze kuita.

Hapo niliona nafasi yangu, nikaidaka.

"Ngoja, Abundio," nilisema. "Mwenyekiti huita akiwa chini ya kichwa chake. Cha kwako ni kipi?"

Akasema nisimcheleweshe, watu wana njaa. Nikamwambia njaa itangoja. Nikamuuliza, jiwe lile la mwisho ni kichwa au ni tofali. Kama ni tofali kama alivyotangaza, basi arudi kwa nguruwe wake, hakuna atakayemlaumu. Kama ni kichwa, aende akasimame chini yake, ila ajue kwamba nguruwe amebaki hana mtu. Hata wale wa mwisho, ambao kwa kawaida husimulia mpira, walisogea karibu.

Abundio alitazama jiwe. Kisha akainua macho kwa nguruwe, akamtazama muda mrefu, na uso wake ukalegea kwa namna ambayo sikuitarajia. Mnyama yule alikuwa ameoshwa, jua lilikuwa limempiga ubavuni, na kwa kweli alipendeza. Abundio akapiga hatua kuelekea mlangoni. Nilikuwa nimejenga mtego mzuri namna ile, na ulikuwa unaelekea kuwafungia nje wale niliotaka kuwaingiza. Akapiga hatua nyingine.

Ndipo Priscila, kwa huruma yake isiyo na breki, akamwambia:

"Rudi tu, Abundio. Mwenzio amekuzoea."

Baraza zima lilipasuka. Tulikuwa tumekishikilia kicheko kile tangu majira ya joto, na kilitoka chote kwa pamoja. Nilicheka hadi nikashika ukuta. Abundio aligeuka papo hapo, mwekundu kama pilipili, akatembea wima hadi chini ya jiwe tupu, akakunja mikono.

"Ni kichwa," alisema. "Tena hiki ndicho pekee hapa kisichomdanganya mtu."

Na alikuwa amesema kweli. Akaanza kuita kuanzia upande wa altare. Nyumba moja, nyingine, tupo, tupo. Sungura. Mwanamke wa samaki. Alipofika juu ya tao la mlango akavuta pumzi kwa nia ya kuruka nafasi hiyo, na mimi nilikuwa karibu naye kiasi cha kumnong'oneza.

"Ruka ukipenda. Ila asiposimama mtu pale, watoto wa watoto wetu wataendelea kumwita nguruwe wa Abundio."

Sijawahi kuona hoja ikiingia katika kichwa cha mtu haraka hivyo. Alifumba mdomo. Alitazama ng'ambo ya njia. Na hapo sijui kilimpata nini, kwa sababu kama ni kujiokoa tu angeita kwa haraka na kwa chuki, lakini alivua kofia, kama avuavyo akiita nyumba yenye msiba au yenye harusi.

"Nyumba ya Ilie," aliita.

Ilie hakusogea. Anca ndiye aliyemvuta baba yake mkono, wakavuka njia, na watu wa nyumba zote wakasogea kidogo kuwapisha ingawa nafasi ilikuwepo tele. Alisimama chini ya tao.

"Tupo," alisema, na akafuta uso kwa mkono wote. Nililia bila kificho, na Priscila akanipa leso aliyokuwa anaitumia yeye.

Kisha tukaingia katika jambo la kuni, na utakatifu ukaisha. Mafungu ya msituni hupigiwa kura kwa vijiti kutoka kwenye kofia ya mwenyekiti, na hakuna mwaka ambao mtu ameridhika. Fungu langu lilikuwa na miiba. La Priscila lilikuwa zuri, kwa hiyo alinung'unika kwamba ni mbali. Mmoja akasema kijiti chake kimepindwa makusudi, mwingine akamkumbusha babu yake alivyoiba miti ya mwaloni, na Abundio akawaambia wote wawili wanyamaze, ikawa kelele ya kawaida ya watu wanaojuana.

Ilie akachomoa kijiti. Lilikuwa fungu la korongoni, lile baya kuliko yote, ambako trekta halifiki na mti hukatwa huku umejifunga kamba. Kila mtu alilijua. Ilie alitabasamu, akashukuru, akasema ni zuri sana.

"Si zuri," alisema Viorica.

Tuligeuka. Sikuwa nimewahi kuisikia sauti ile, na nimechambua naye dengu miaka zaidi ya kumi. Alikuwa ametoka chini ya tao, mikono kiunoni, skafu imemteleza, amesimama mbele ya mwenyekiti wa kijiji cha Valdecorzo.

"Si zuri hata kidogo, Mjomba Abundio. Kule hakupandi hata mbuzi. Kofia hiyo hukuitikisa, mimi nilikuwa nakutazama. Umetikisa upande mmoja tu."

Abundio alisema ametikisa. Viorica akasema hakutikisa. Abundio akasema kura ni kura na baba yake alitikisa vivyo hivyo. Viorica akasema basi hata baba yake hakutikisa. Watu wa pande zote mbili za tao wakaanza kuchagua upande, na walio wengi walichagua wa Viorica, kwa kuwa ni kweli Abundio hutikisa vibaya.

"Mama, kuni zimegawanywa," Abundio alisema mwishowe, amechoka, kama anavyotuambia sisi sote. "Ungoje mwakani."

"Mwakani," Viorica akamjibu, "kofia nitaitikisa mimi."